Vifungo vya Shati na Amani ya Nyumba



Kuna ugomvi wa ndoa unaoanza kwa kitu kidogo kama kifungo cha shati. Kwetu ulianza hivyo. Kifungua mimba wetu alipokuwa darasa la kwanza, daftari lake lilirudi limejaa alama nyekundu. Herufi zilipinda, karatasi imetoboka kwa kukandamizwa penseli. Nilimchapa, nikamwita mvivu. Kisha nikamgeukia mama yake: "Ni wewe umemdekeza." Akanijibu, "Na wewe, Baba, umewahi kukaa naye lini?" Siku tatu hatukusemezana vizuri, na mtoto akaanza kuficha daftari.

Ukweli ni kwamba tulikosea sote wawili. Kila asubuhi mama alimfunga vifungo ili tusichelewe. Mimi nilimnyang'anya kijiko na jagi nikisema atamwaga. Vidole vyake tulivinyima kazi, kisha tukavidai mwandiko mzuri.

Tufahamu kwamba mkono wa mtoto haujakomaa. Anapozaliwa, mifupa midogo ya kifundo cha mkono bado ni gegedu laini, nayo huchukua miaka mingi kuwa migumu. Kwanza mtoto hushika kwa kiganja chote. Akikaribia mwaka mmoja, huokota kitu kidogo kwa kidole gumba na cha shahada. Kufunga vifungo huja baadaye, kwa wengi kati ya miaka 3 na 5, tena kwa mazoezi. Basi mwandiko mbaya wa mtoto wa miaka 6 mara nyingi si ukaidi. Kiboko hakiimarishi vidole. Huleta woga, na mwenye woga hukaza penseli zaidi.

Tufanye nini?

1. Mwamsheni mapema kidogo, ajifunge vifungo mwenyewe. Msimcheke akikosea tundu.

2. Mpeni kazi za mikono: kupukuchua mahindi, kuchambua maharagwe, kukanda unga wa chapati, kufinyanga udongo, kukamua soksi zake. Walio wadogo wasiachwe peke yao na punje, maana huzitia puani na mdomoni.

3. Anayetumia mkono wa kushoto asilazimishwe kubadili.

4. Mtoto akipendelea mkono mmoja tu kabla ya mwaka mmoja, au akifika mwaka na nusu hawezi kuokota kitu kidogo, mpelekeni kliniki mapema.

5. Kazi hii si ya mama peke yake. Baba naye aketi chini na mtoto.

Mimi nilianza na mahindi, debe moja kila Jumamosi. Tulipukuchua tukipiga hadithi. Mwandiko ulinyooka polepole, lakini kilichorudi kwanza ni mazungumzo kati yangu na mke wangu.

Ya kujadiliana usiku wa leo, mume na mke:
Ni kazi gani tunamfanyia mtoto ambayo angeiweza mwenyewe?
Mtoto akishindwa, je, tunamsaidia au tunatafuta wa kulaumiwa?