Kujifunza Kuandika Herufi za Kiyunani

Muhula huu nilipata sifuri katika swali moja la fizikia kwa sababu ya mwandiko. Tuliulizwa kanieneo ya maji kwenye kina cha mita 5. Kanuni yake ni p = ρgh. Ile p ya kwanza ni herufi ya Kirumi, na hiyo ya pili ni ro, herufi ya Kiyunani iliyowekwa mahali pa densiti. Mimi niliziandika zote mbili sawasawa. Nilipofika mstari wa pili nikaona p huku na p huku, basi nikazifuta zote! Ikabaki 1 = gh, yaani 1 ni sawa na 50. Mwalimu aliizungushia wino mwekundu, na darasa zima likacheka. Jibu lilikuwa paskali 50,000.

Nikatafuta daftari la mistari, nikaanza upya kila usiku baada ya prepo. Siri ya ro ni pale kalamu inapoanzia. Herufi p huanzia juu, kwa mguu ulionyooka. Ro huanzia chini ya mstari, ikapanda, ikazunguka kuume na kujifunga, wala kalamu hainyanyuliwi. Alfa (α) ni kama samaki: anza kwenye ncha ya juu ya mkia, zunguka kushoto, rudi uishie ncha ya chini. Myu (μ) ina mkia ushukao chini ya mstari. Ukiusahau umeandika u. Nyu (ν) nayo yataka ncha kali chini, na hata hivyo wengi huidhania v. Nawasihi wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza wazizoee mapema.

Herufi hizi ni 24. Wayunani hawakuzibuni wenyewe; walizipata kwa Wafoinike, watu wa pwani ya Lebanoni, walioandika toka kulia kwenda kushoto, tena konsonanti tupu. Zile ambazo Wayunani hawakuwa na sauti zake wakazifanya irabu. Hapo nilishangaa, kwani kwetu Pangani nilisoma alifu na bee chuoni kabla sijaijua a, e, i. Kumbe alifu na alfa ni ndugu, bee na beta ni ndugu! Asili yao ni moja: ya kwanza ilikuwa jina la ng'ombe, ya pili jina la nyumba.

Tena, kama herufi za Kiarabu zigeukavyo mwishoni mwa neno, ndivyo ilivyo sigma. Andika σοφός, maana yake mwenye hekima, utayaona maumbo yake yote mawili.

Jaribio la mwisho wa muhula lilileta ro tena, na safari hii sikufuta kitu. Ila ksi (ξ) bado imenishinda. Bwenini wanasema yangu ni mnyoo aliyekanyagwa.