Mtaje na Mpiga Besi

Mdogo wangu, barua yako niliisoma mchana jikoni, nikairudia usiku. Umeachiwa kipindi cha zilipendwa, saa mbili kila Jumapili alasiri kwenye redio ya jamii hapo wilayani kwenu, na una miaka 24. Unaniuliza utawaambia nini wazee kuhusu nyimbo zilizopigwa kabla mama yako hajaolewa. Hofu hiyo naijua. Nami nilianza na umri kama wako, na nilichokijua ni viitikio tu, kama watoto wengi tuliolelewa na redio ya baba.

Nikusimulie kosa langu, maana ndilo lililonifundisha kazi. Jumapili moja niliweka wimbo, nikaisikia sauti ya Muhidin Gurumo, nikatangaza bila wasiwasi kwamba hao ni Mlimani Park, wana Sikinde. Wimbo haujafika kwenye chemko, pale magitaa yanapokolea, simu ikaita. Mzee mmoja, anazungumza taratibu: "Binti, hiyo ni Juwata. Nilikuwepo ukumbini." Mwimbaji nilikuwa nimempatia, bendi nikaikosa. Gurumo alikuwa NUTA Jazz tangu bendi inaanzishwa mwaka 1964. Mwaka 1978 akawa miongoni mwa walioianzisha Mlimani Park, baadaye akapitia Safari Sound, kisha akarudi bendi yake ya kwanza. Na bendi hiyo nayo ilikuwa ikibadili jina chama cha wafanyakazi kilipobadilika: NUTA, Juwata, OTTU, na mwishowe ikawa Msondo Ngoma. Hapo sauti peke yake haikutoshi. Sikiliza tarumbeta, sikiliza gitaa, kisha uulize.

Nilimshukuru yule mzee hewani, nikasahihisha palepale, na kesho yake nikanunua kaunta buku. Ninalo mpaka leo, jalada limeshikwa na gundi ya karatasi. Kila wimbo una mstari wake: jina, bendi, mtunzi, waimbaji, nani kapiga solo, nani ridhimu, nani besi, nani tumba, nakala nimeipata wapi. Pembeni kabisa, kwa kalamu nyekundu, naandika aliyenisahihisha na tarehe. Nafasi nyingi ziko wazi. Zinajazwa kidogo kidogo, simu kwa simu.

Hapa ndipo ninapotaka unisikie vizuri. Usiishie kutaja bendi. Nyimbo nyingi ulizonazo kwenye flashi zilirekodiwa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa wakati mmoja, na mle ndani walikuwamo watu kumi na zaidi. Tunaowajua ni wawili watatu. Aliyeshika besi wimbo mzima bila kukosea alikuwa na jina, na pengine mjukuu wake anauza vocha hapo stendi kwenu na hajawahi kulisikia likitajwa redioni. Litaje. Ukilikosa, sema wazi hewani kwamba unamtafuta mpiga besi wa wimbo huu, anayemjua apige simu. Nimewahi kuuliza hivyo, nikajibiwa wiki tatu baadaye na mama aliyewahi kupika chakula cha bendi.

Na nakala za intaneti usiziamini kwa majina yaliyoandikwa juu yake. Mbaraka Mwinshehe anaandikwa tu "Mbaraka", wakati alipiga na Morogoro Jazz kwanza, na mwaka 1973 akatoka kwenda kuunda Super Volcano. Wanaojua wanazipambanua bendi hizo mbili. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari upande wa Mombasa, hajatimiza miaka 35, na kila nikifika kwenye habari hiyo hewani napunguza mwendo, kwa sababu wako wanaosikiliza ambao siku ile waliacha kazi wakalia. Vivyo hivyo "Sina Makosa": utaikuta imeandikwa Simba Wanyika, na ni ya Les Wanyika, vijana waliotoka Simba Wanyika wakaunda bendi yao hukohuko Nairobi.

Sasa jambo linaloniuma. Usikate chemko. Wimbo wa dansi umejengwa kwa sehemu mbili. Kwanza kisa kinasimuliwa polepole, mtu kaachwa, mtu kasingiziwa, mtu anamkanya mwanawe. Halafu magitaa yanaingiliana, tarumbeta zinaitika, na hapo ndipo watu walipokuwa wakiinuka vitini. Mtangazaji anayekata wimbo dakika ya tatu ili asome tangazo amewaletea wageni wali bila mchuzi. Kama muda haukutoshi, punguza nyimbo. Zikiwa na dakika saba saba, nyimbo 12 zinatosha kabisa kwa saa mbili na maneno yako yakapata nafasi. Wala usiongee juu ya gitaa la mwanzo. Funga maiki, subiri.

Kila wimbo usikilize wote nyumbani kabla hujauingiza studio. Kuna nakala zina sauti ya mtangazaji wa kituo kingine katikati, na kuna zilizokatika mkanda. Tena rekodi za zamani ziko chini ukizilinganisha na bongo fleva iliyotangulia kwenye kipindi cha kabla ya chako, kwa hiyo mwombe fundi mitambo apandishe sauti mapema, vinginevyo bibi aliyekaa barazani na redio ya betri hatasikia kitu.

Simu zikiingia, anza na shikamoo. Usimrukie mtu na "nani mwenzangu, uko wapi?" kama unavyofanya na vijana wa asubuhi. Hawa ni watu waliokuwa wakinunua kadi za salamu, wakaandika majina ya ndugu na jamaa kwa mwandiko mzuri, wakasubiri siku nyingi zisomwe. Jina la mtu lisome taratibu na ulitamke sawasawa. Aliyepiga akinyamaza, mwache anyamaze. Kuna mama aliwahi kuniomba wimbo aliokuwa akiupenda marehemu mumewe. Nikauweka, na simu hakuikata. Hadi mwisho wa wimbo nilimsikia kwenye hedifoni akivuta pumzi. Kisha akasema, "Ahsante, mwanangu," akakata. Sikuongeza neno, nikaweka wimbo uliofuata.

Muulize pia meneja wako kama kituo kina leseni ya hakimiliki ya kupiga muziki, na umwachie orodha ya nyimbo ulizopiga kila Jumapili. Wengi wa wenye nyimbo hizi walizeeka bila kitu. Orodha yako ni haki yao.

Mwisho wa yote, tafuta bendi ya kwenu. Tabora ilikuwa na Kiko Kids na Tabora Jazz, Tanga ilikuwa na Jamhuri na Atomic, Morogoro ilikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah kabla ya Mbaraka kuvuma. Hata kwenye mji mdogo hukosi mtu aliyewahi kushika tumba au kukata tiketi mlangoni. Ulizia kwenye vijiwe vya kahawa, ulizia kwa mafundi cherehani wa zamani waliokuwa wakiwashonea wanamuziki sare. Ukimpata, usimwite studio kwa mara ya kwanza. Nenda kwake na sukari kilo moja, kaa, sikiliza. Kipaza sauti kitakuja siku nyingine.

Jumapili hii fika mapema, kalamu mbili, moja nyekundu. Jumatatu uniandikie uniambie nani alikuwa wa kwanza kukusahihisha.

Dada yako.