Mgodi wa Makaa ya Mawe Ukilipuka, Nini Humwokoa Mchimbaji?

Tarehe 2 Januari 2006, mgodi wa Sago huko West Virginia, Marekani, ulilipuka. Wachimbaji 12 walifariki na mmoja akanusurika. Wengi wao mlipuko haukuwaua. Walijikinga nyuma ya pazia wakisubiri kuokolewa, hewa yenye sumu ikawamaliza. Waokoaji waliwafikia baada ya takriban saa 41.

Kwa nini migodi hii hulipuka?

Makaa ya mawe hutoa gesi ya methani. Ikifikia asilimia 5 hadi 15 ya hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Mlipuko huo hutimua vumbi la makaa lililotanda kwenye njia za mgodi, nalo likishika moto ndipo maafa huwa makubwa. Kinga yake ni unga wa mawe ya chokaa unaonyunyizwa ili vumbi lisiwake. Ni kazi nyepesi, na kuiacha hakuna udhuru. Mwaka 2010, watu 29 walikufa katika mgodi wa Upper Big Branch, jimbo hilohilo, na wachunguzi walikuta unga huo haukunyunyizwa ipasavyo.

Teknolojia inasaidiaje?

Vipima gesi kwenye mashine za kukatia makaa huonya methani ikifika asilimia 1, na kuzima umeme ikifika 2. Baada ya Sago, sheria ya MINER ilidai pia mawasiliano yasiyotegemea waya na mitambo ya kuonyesha kila mtu yuko wapi.

Vifaa vikiwepo, mafunzo ya nini tena?

Hapa ndipo watu hufa. Kila mchimbaji ana kifaa cha kumpa oksijeni; vingine huitengeneza kwa kemikali. Kikifanya kazi, hewa huja ya moto na kuivuta ni shida, hivyo asiyekizoea hudhani kimeharibika na kukivua katikati ya moshi. Aliyenusurika Sago alisimulia kwamba baadhi ya vifaa havikufanya kazi, lakini wachunguzi walikuta kemikali yake haijaisha. Ndiyo maana wachimbaji sasa hufanya zoezi kwa vifaa vinavyoiga joto na ugumu huo. Hujifunza pia kutoka gizani wakishika kamba yenye koni: mkono ukiteleza bila kukwama, unaelekea nje.

Kampuni ndogo zinaingiaje?

Soko la vifaa hivi vya usalama ni dogo, kwa hiyo wakubwa hawalikimbilii. Isitoshe, kifaa cha umeme cha kutumika penye hatari ya methani sharti kithibitishwe kwamba hakiwezi kuiwasha, na uthibitisho huo hula muda na fedha kabla hakijauzwa hata kimoja. Fundi mwenye wazo zuri anaweza kuishia hapo. Kwa hiyo sheria ya MINER ya 2006 iliruhusu taasisi ya utafiti ya NIOSH kutoa ruzuku na mikataba kwa wabunifu. Kwangu mimi, kodi haina matumizi bora kuliko hayo.

Mafundi wa kampuni za nje nao wanafunzwa?

Ndiyo. Anayefanya kazi chini mara kwa mara, awe mwajiriwa wa mgodi au wa kampuni ndogo ya umeme, hupewa mafunzo ya saa 40 akianza, kisha 8 kila mwaka. Mkaguzi akimkuta hajafunzwa, humtoa mgodini mpaka afunzwe, na sheria inakataza kumfukuza kazi au kumkata mshahara kwa sababu hiyo.