Mtoto Akiuliza, "Hao ni Wanyarwanda?"
Kijitabu kwa wazazi na walezi wa Murongo na vijiji vya mpakani

Mtoto anayekulia Murongo husikia Kinyambo nyumbani, Kinyankole kwa wanaovuka Mto Kagera kutoka Kikagati, Uganda, Kiswahili shuleni, na pengine Kinyarwanda kwa bibi yake mzaa mama. Mapema ataanza kuuliza nani ni nani. Mapema pia atasikia maneno mabaya: "Huyo si wa kwetu." "Rudini kwenu."

Wazazi wengi hunyamaza wakiamini mtoto mdogo hatambui tofauti za watu. Anazitambua. Miaka ya 1940 huko Marekani, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto weusi wa miaka 3 hadi 7 wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Wengi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Huenda hakuna aliyewafundisha hivyo kwa makusudi; yaliwaingia kutokana na waliyoyaona na kuyasikia kila siku. Watoto wetu nao wanatusikia tukimpima mtu kwa pua, kwa urefu, kwa lafudhi, kwa jina la babu yake.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Julai 2013 serikali iliwataka wahamiaji wasio na vibali waondoke, kisha Operesheni Kimbunga ya kuwasaka ikafuata. Maelfu walivuka kwenda Rwanda, wakiwamo watu walioishi Kagera miaka mingi, na wengine wakaacha wenzi na watoto nyuma. Waliokuwa wadogo wakati ule leo ni vijana, na baadhi wanalea. Swali la mtoto linaweza kugusa kidonda ambacho nyumba ya jirani haijawahi kukizungumzia.

Kwa hiyo jibu kwa ukweli, kwa ufupi, na palepale. Akisema, "Mama, hao ni Wanyarwanda?" mwambie: "Bibi yao alizaliwa Rwanda. Wao wamezaliwa hapa, mnacheza pamoja. Kuwa Mnyarwanda si kosa, wala si tusi." Akiuliza mbona jirani ni mrefu au mweusi kuliko baba, usimzibe mdomo kwa aibu. Mjibu kwamba watu huzaliwa na maumbo na rangi mbalimbali, kama ndugu wa tumbo moja wasivyofanana. Mtoto akinyamazishwa hujifunza kwamba kuna jambo baya kwa yule jirani.

Habari za vibali na uraia ni kazi ya Uhamiaji na watu wazima. Mtoto wa miaka 5 hana sababu ya kumkagua mwenzake, na asitumwe kuuliza kwao wametoka wapi.

Akifika miaka 8 au 9 anaweza kubeba historia kidogo. Msimulie kwamba Karagwe ilikuwa ufalme wa ukoo wa Wahinda, na kwamba mwaka 1861 Mfalme Rumanyika aliwapokea wasafiri wa Kizungu Speke na Grant kama wageni wake. Ndani ya ufalme huo waliishi wafugaji na wakulima, na koo zao zilikuwa na ndugu hadi Nkore, ng'ambo ya Kagera, kabla Waingereza na Wajerumani hawajaugawa ukanda huu. Mweleze pia kwamba Wabelgiji, walipoitawala Rwanda, waliandika kabila kwenye vitambulisho vya Wanyarwanda, na kwamba Aprili 1994, wakati wa mauaji ya Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Maelezo ya mauaji hayo yasubiri akue. Lakini ajue kwamba watu wengi waliokuja walikuwa wanakimbia kifo.

Mwanao akimtukana mwenzake, usicheke, hata kama maneno hayo aliyasikia kwako. Mpeleke akaombe radhi, kisha mzungumze nyumbani. Akitukanwa yeye, usimwambie azoee. Sikiliza kwanza, mthibitishie kwamba hana kosa, kisha nenda kwa mwalimu. Katiba yetu inakataza kumbagua mtu kwa kabila, rangi au mahali alikotoka, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda kila mtoto dhidi ya ubaguzi. Mwalimu asipochukua hatua, mwone ofisa ustawi wa jamii wa wilaya, au piga simu ya mtoto namba 116, bila malipo.