USUKANI MZITO: SOMO LA MASHINE RAHISI KATIKA PIKAPU YA NYUMBANI
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika Kidato cha Pili tulifundishwa mashine rahisi: wenzo, roda, mteremko, skrubu, na gurudumu na ekseli. Wengi wetu tulizikariri kanuni zake kwa Kiingereza, tukajibu mtihani, kisha tukaziacha humo humo darasani. Nimeona vema kuzieleza hapa kwa Kiswahili, kwa kuwa wazazi nao husoma gazeti hili, na kwa kuwa karibu zote zaonekana katika kitu kimoja tunachokipita kila siku, yaani usukani wa gari kuukuu lisilo na pampu ya kumsaidia dereva.

Gari nitakalolitolea mfano ni pikapu ya Land Rover Series III, aina iliyoundwa Uingereza tangu 1971 hadi 1985. Nyumbani kwetu Kariakoo twaiita Mia na Tisa, maana toka ekseli ya mbele hadi ekseli ya nyuma ni inchi 109, yaani mita 2.77. Baba aliiendesha kwa miaka mingi, akichukua pumba, sabuni na mafuta ya kula na kuvipeleka katika vijiji vilivyo nyuma ya Kisarawe. Bega lake la kulia lilipoharibika, Shangazi ndiye aliyekaa mahali pake. Safari hizo ndizo zinazolipa kodi ya nyumba, na sanduku langu la bwenini hujazwa kwa fedha hizo hizo. Basi watu wa mtaani wakaanza kusema kwamba gari lile lataka mabega ya mwanamume, na kwamba heri liuzwe kabla mama wa watu hajaumia. Baba mwenyewe alikuwa karibu kukubali. Likizo iliyopita nilichukua chaki, futi kamba na kipimapembe, nikaingia chini ya gari ili nijue maneno hayo yana ukweli gani.

Kwanza nilipima usukani. Upana wake, kutoka ukingo hadi ukingo, ni karibu sentimita 43. Kwa hiyo mzingo wake ni kama sentimita 135. Kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia Shangazi aliuzungusha mara tatu na robo, ambayo ni nyuzi 1,170. Nami nilichora chaki sakafuni kufuata gurudumu la mbele, nikaona kwamba limegeuka nyuzi 55 tu. Gawanya 1,170 kwa 55 upate 21 na kidogo. Maana yake ni kwamba mkono wa dereva hupewa nguvu nyingi kuliko ulizotia, lakini bei yake ni mwendo: mikono ya Shangazi ilisafiri karibu mita 4.4 kwenye ukingo wa usukani ili magurudumu yageuke kidogo vile. Hakuna mashine itoayo nguvu bure. Ndiyo sababu dereva wa gari kama hili huonekana kama anayesukuma jiwe la kusagia, huku mwenye gari dogo la kisasa akigeuza kwa kiganja kimoja.

Nguvu hiyo hupita njia ndefu kabla ya kufika chini. Mhimili wa usukani huingia katika stelingi boksi, na humo mna skrubu nene yenye nati inayotembea juu ya gololi ili msuguano upungue. Nati husukuma wenzo mfupi. Wenzo husukuma fimbo. Fimbo hupeleka kani kwenye kipokezi kilichozama ndani ya boriti ya mbele ya chasisi. Na kutoka hapo tairodi huyavuta magurudumu yote mawili pamoja. Kila kiungo hula sehemu yake ya jasho la dereva. Kipokezi hicho ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Watu hutia oili kwenye boksi kwa kuwa laonekana wakifungua boneti, lakini kipokezi kimefichika, nacho kikikauka usukani huwa mzito tena haurudi wenyewe baada ya kona. Hapo aghalabu dereva hulaumu mikono yake.

Sasa tufike katika mitaa. Gari hili lisimamapo, tairi za mbele hukandamizwa na uzito wa injini, na ukizigeuza zikiwa zimesimama zajisugua juu ya lami kama kifutio juu ya karatasi. Zikianza kubingiria, hata kwa mwendo wa kobe, kazi hupungua sana. Kwa hiyo Shangazi hana desturi ya kuzungusha usukani gari likiwa limesimama. Hulegeza klachi kidogo, gari linyemelee, ndipo avute. Jambo hili ladai subira katika Mtaa wa Swahili au Mkunguni saa nne asubuhi, ambako mbele yako kuna mkokoteni, ubavuni guta, na nyuma meza ya viatu iliyowekwa dakika moja iliyopita. Tena gari la inchi 109 lahitaji duara la karibu mita 14.3 ili ligeuke zima, na sijui mtaa hata mmoja wa Kariakoo utakaokupa nafasi hiyo siku ya kazi. Kwa hiyo dereva hana budi kuifikiria njia ya kutokea kabla ya kuingia. Nilimhesabia Shangazi siku moja: aligeuza gari kwa kwenda mbele na nyuma mara tano, bila kutweta. Kijana mmoja aliyejitolea kumsaidia wiki hiyo hiyo aliung'ang'ania usukani gari limesimama kabisa, akatoka na fulana imelowa.

Kuna kosa jingine ambalo ni la magari ya magurudumu manne tu. Katika Land Rover hii, kifundo cha njano kikibonyezwa, ekseli ya mbele hufungamana na ya nyuma, zote zikazunguka kwa kasi moja. Lakini kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Chora duara mbili katika daftari lako utaona. Juu ya mchanga au matope tofauti hiyo hujimaliza kwa tairi kuteleza kidogo. Juu ya lami kavu haina pa kwenda, basi vyuma hukazana na usukani huwa kama umefungwa kamba. Kwa hiyo arudipo kutoka mashambani, Shangazi hurudisha magurudumu mawili mara aionapo lami.

Na vidole gumba, tafadhali, visizungushwe ndani ya usukani. Viwekwe juu ya ukingo pamoja na vidole vingine. Hapana pampu ya kumeza kishindo. Gurudumu likigonga jiwe au shimo, usukani hurudi kwa kasi, na mbavu zake zaweza kuvunja kidole. Fundi yeyote mzee wa Gerezani atakuambia haya kabla hujamaliza kumwamkia.

Hadi hapa nimesema juu ya uzito kana kwamba ni adui. Lakini siku niliyojifunza zaidi ni siku usukani ulipokuwa mwepesi. Tulikuwa twapeleka mzigo Magomeni, mvua imekatika, na maji yaliyokuwa yamefunika Barabara ya Morogoro pale Jangwani yamekwisha kushuka. Bonde la Mto Msimbazi likijaa barabara hiyo hufungwa, na Shangazi hapiti majini hata aitwe mwoga. Lakini maji yakiondoka huacha tope laini juu ya lami, lenye kung'aa kama samli. Mara nikamwona anaondoa mguu kwenye mafuta taratibu, asiguse breki, asizungushe kitu. Tukapunguza mwendo, tukapita. Nilipomwuliza akasema, "Mwanangu, uliulegea mkononi. Ukilegea ghafla, tairi hazishiki tena." Mbele yetu gari jingine, zuri kuliko letu, lilikuwa limekwisha kwenda kando.

Ukifikiri, jibu liko katika somo la wenzo. Ekseli ya nyuma ni egemeo. Gunia likiwekwa mbele ya ekseli hiyo, sehemu ya uzito wake huangukia magurudumu ya mbele. Likiwekwa nyuma yake, mkiani, hunyanyua pua ya gari, na usukani huwa mwepesi kwa uongo. Wapakiaji wa Kariakoo hupenda kuanzia mlangoni kwa kuwa ni karibu. Shangazi huwasimamia: magunia mazito yaende mgongoni mwa kebini, makaratasi ya sabuni mkiani. (Jina la Kariakoo lenyewe latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Labda ndiyo maana kila mtu hapa ni mtaalamu wa mizigo.)

Likabaki shauri la fundi. Alisema, "Mama, tukutilie pawa stelingi ya gari jingine, upumzike." Si shauri baya. Francis Davis wa Marekani alionyesha usukani wa namna hiyo mwaka 1926, na Chrysler ikaanza kuuza gari la abiria lenye nao mwaka 1951. Leo ni vigumu kupata gari jipya lisilo nao. Mtu mwenye bega kama la Baba asingepaswa kuwa na mwingine. Lakini kwetu ilikuwa kukata na kuchomelea chasisi ya zamani, kununua pampu, mipira na boksi, na kuongeza vitu ambavyo vikiharibika porini havitengenezeki kwa spana mbili. Tena injini ikizimika, usukani wa namna hiyo mara nyingi huwa mzito kuliko wetu. Shangazi akamwomba fundi afungue kwanza kipokezi. Kilikuwa kikavu kabisa. Kikatiwa oili, ncha mbili za tairodi zikabadilishwa, na magurudumu ya mbele yakapimwa yabanane mbele kwa kati ya milimita 1.2 na 2.4 kama kitabu cha gari kisemavyo. Gari halikuuzwa.

Wenzangu wenye gari la namna hii nyumbani waweza kufanya jaribio hili wakati wa likizo, mzazi akiwapo. Zima injini, vuta breki ya mkono, weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu. Mmoja akae kitini atikise usukani kushoto na kulia kidogo kidogo. Mwingine alale chini, ashike kwa vidole kila kiungo kimoja kimoja, kuanzia boksi hadi gurudumuni. Kiungo ambacho upande mmoja watikisika na wa pili umetulia, hicho ndicho kilichokwisha.