Amana Yako Iokoe Siku ya Kuingia

Mitihani ikiisha, daladala za 502 hupakia magodoro na ndoo. Wanachuo wanahama Bububu, na maneno ni yale yale: "Kaka, dipoziti yangu nishaisamehe." Kwa nini usamehe pesa ambayo mzazi kaitafuta kwa jasho?

Tuanze na msingi. Kodi ukishailipa ni ya mwenye nyumba, kwani umelipia muda wa kukaa. Amana siyo kodi. Ni pesa yako, anakushikia kama dhamana kwamba hutaondoka na deni wala kuacha uharibifu. Ikiwa hakuna deni wala uharibifu, hana cha kukata.

Mikataba Zanzibar inaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 149, iliyofuata mkondo wa sheria ya India ya 1872. Kanuni yake ni kwamba anayedai fidia hulipwa hasara aliyoipata kweli. Hailipwi hasira.

Tuseme ulitoa amana ya 150,000. Siku ya kuhama Bi mkubwa anakwambia: "Mwanangu, rangi imebanduka 60,000, bawaba zina kutu 20,000, kioo kimevunjika 15,000." Unyevu wa masika ndio uliobandua rangi, na chumvi ya bahari ndiyo iliyokula bawaba. Huko ni kuchakaa kwa kawaida, na nyumba ingechakaa hata angekaa yeye. Kioo umekivunja wewe, kilipe. Kwa hesabu hiyo unarudishiwa 135,000, si 55,000.

Lakini ataambiwa nani akubali, kama kioo kilikuwa na ufa tangu zamani na huna ushahidi? Hapo ndipo wengi tunapokwama. Kwa hiyo, siku ya kuingia fanya haya:

1. Andikeni mkataba. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba, ila kuyathibitisha ni kazi. Amana itajwe mbali na kodi, pamoja na siku ya kurudishwa. Shahidi awepo, sheha akishuhudia ni bora zaidi.
2. Piga picha kuta, vitasa, vioo na choo, kisha mtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo.
3. Dai risiti, hata ya karatasi ya daftari yenye sahihi.

Siku ya kuhama, toa notisi kwa maandishi ndani ya muda uliomo kwenye mkataba. Lipa maji, hakikisha hakuna deni la umeme wa Tukuza, fagia, kagueni chumba pamoja, ndipo urudishe ufunguo. Usiseme tu "mwezi wa mwisho nakaa kwa dipoziti" bila yeye kukubali. Hapo wewe ndiye uliyevunja mkataba.

Akikataa? Nenda kwa adabu, omba orodha ya makato na bei zake. Isiposaidia, mwende kwa sheha. Baada ya hapo wapo wasaidizi wa sheria, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa 1992, kinatoa ushauri. Mahakama iwe hatua ya mwisho.

Bi mkubwa si adui. Wengi wao kodi hiyo ndiyo riziki yao, na kioo ulichovunja ni hasara kwake. Lakini haki yake inaishia kwenye kioo. Inayobaki ni yako, idai.