Kibandiko cha kupanga uzazi: homoni inavyopenya ngozi

Mama akienda kliniki ya kupanga uzazi, iwe Tseikuru au Nairobi, mara nyingi mazungumzo huwa ya sindano au kijiti. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Kenya wa 2022 uliwakuta wanawake 20 katika kila 100 walioolewa wakitumia sindano, na 19 wakitumia vijiti. Kibandiko bado ni kigeni. Lakini binti aliyekwenda kufanya kazi ng'ambo anaweza kurudi nacho tumboni, plasta ya sentimita nne na nusu kila upande, na majirani wakaulizana kama kweli plasta huzuia mimba. Huzuia.

Ndani yake mna homoni mbili za maabara. Norelgestromini huiga projesteroni ya mwili, na ethinilestradioli huiga estrojeni. Za asili zingevunjwa na ini upesi mno. Mwaka 1938, Hans Inhoffen na Walter Hohlweg wa kampuni ya Schering, Berlin, walitengeneza ethinilestradioli, yaani estrojeni iliyoongezwa kikundi kidogo cha atomi, na ini likashindwa kuimaliza haraka. Norelgestromini nayo, kwa anayemeza tembe za norgestimati, hutengenezwa na ini lenyewe; kibandiko huileta ikiwa tayari. Molekuli zake hupenda mafuta, hivyo hupenya ngozi hadi kwenye mishipa midogo ya damu, na baada ya siku mbili hivi kiwango chake hutulia.

Tezi ya pituitari, chini ya ubongo, ikikuta homoni hizo damuni haitoi ishara ya kuachilia yai. Ute wa mlango wa kizazi nao huwa mzito, mbegu za mwanamume zikakwama. Mimba iliyokwisha kutunga haitolewi na kibandiko.

Hubandikwa tumboni, makalioni, mgongoni juu au upande wa nje wa mkono, kamwe si kwenye titi. Ngozi iwe kavu, bila mafuta wala losheni. Kibadilishwe kila wiki, siku ileile, kwa wiki 3. Wiki ya 4 ni ya kupumzika na hedhi huja. Ukichagua siku ya soko hutasahau. Jasho lisikutishe, maana kilijaribiwa hadi kwenye sauna. Vilivyobaki ndivyo visiachwe kwenye joto linalozidi nyuzi 30, kwa hiyo viwe mbali na mabati. Wala visitiwe kwenye friji. Kikibanduka chini ya saa 24, kirudishe kama bado kinanata, la sivyo weka kipya. Zikipita, anza mzunguko upya na utumie kondomu kwa siku 7.

Estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda, na kibandiko huingiza damuni takriban asilimia 60 zaidi ya tembe ya mikrogramu 35. Kwa hiyo hakimfai mwenye shinikizo la damu, aliyewahi kuganda damu, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na mwanga machoni, mvutaji sigara aliyefika miaka 35, wala anayenyonyesha mtoto mchanga. Kwa mwenye zaidi ya kilo 90 nguvu yake hupungua. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa huidhoofisha pia; mwambie muuguzi kila unachomeza. Maumivu ya ghafla ya kifua, mguu mmoja kuvimba au kupumua kwa shida: kibandue na uende hospitali mara moja.

Kwa mama anayetembea mbali kufika zahanati, mimi ningemshauri aanze kwa kuulizia kijiti. Hakina estrojeni, na hukaa miaka 3 au 5. Wenye kibandiko hushika mimba kama 7 katika 100 kwa mwaka, hasa kwa kuchelewa kubadilisha. Wenye kijiti hawafiki hata mmoja.

Kibandiko kilichotumika bado kina sehemu kubwa ya miligramu 6 za norelgestromini kilizoanza nazo. Kikunje, upande unaonata kwa ndani, ukifunge kwenye karatasi na ukitupe mahali ambapo watoto hawafiki. Kisitupwe chooni.